Wimbo wa Sufuria

Fundi wa piano alikuwa na siri moja tu maishani mwake, na aliitunza vizuri kuliko wanaume wengi wanavyotunza afya zao. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Hayakufa kwa mpigo. Yalianzia juu, kwenye zile sauti nyembamba za mwisho upande wa kulia wa piano, zikawa zinamtoroka moja moja huku yeye akijitia hamnazo. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Fundi wa piano asiyesikia ni sawa na mpishi aliyepoteza ulimi, na nani atamwita huyo jikoni kwake?

Dawa aliyoipata ilikuwa binti yake. Walipokwenda kazini, iwe kanisani, hotelini au shuleni, fundi alianza mwenyewe kwa mbwembwe zote. Alifungua kifuniko, akapanga zana zake juu ya kitambaa, akakaza nyuzi nene za chini na zile za katikati. Akifika juu alishika kiuno. "Mgongo huu utaniua. Hebu malizia wewe, mwanangu." Na binti alimalizia, tena bila kile kifaa cha kupimia sauti ambacho mafundi wengine hawathubutu kukisahau nyumbani. Fundi alisimama pembeni akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeridhika na anachokisikia. Hakuwa akisikia kitu.

Maana binti huyo hakuwa wa kawaida. Alipokuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya gauni lake, alikuja jikoni akilia, na mama yake alipomuuliza nani kampiga, alijibu kwamba hakuna aliyempiga, ila jokofu na feni vinagombana. Mama akazima feni. Mtoto akanyamaza. Tangu siku hiyo mama akamwita Bi Masikio, na jina likaganda.

Mama mwenyewe hakuwa na sikio la muziki hata la kuombea maji. Akianza kuimba, mumewe alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani. Lakini alipika akiimba, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na Bi Masikio alipofikia umri wa kung'oka meno ya utotoni, alikaa kwenye piano ya sebuleni akatunga wimbo kutokana na vurugu hizo. Ukaitwa Wimbo wa Sufuria. Ulikuwa na mwiko ndani yake, na mfuniko unaochezacheza maji yakichemka, na mahali fulani, juu kabisa, palikuwa na sauti moja isiyostahili kuwapo, ambayo ilikuwa ni mama akikosea. Mama alipoisikia alijijua, akacheka mpaka akakaa chini.

Chuo cha muziki kilimchukua mapema, akiwa mdogo kuliko wenzake wote. Walimu walimpigia kipande kirefu mara moja tu, naye akakirudia chote, kisha akawaonyesha kwa adabu mahali ambapo mtunzi alikuwa amechoka. Wakasema ni kipaji cha ajabu. Walisema mengi, watu wa vyuo hawana uhaba wa maneno. Kitu ambacho hawakukisema, kwa kuwa hakuna aliyekijua zaidi ya wazazi wake, ni kwamba sikio lile lilikuwa pia mzigo. Bi Masikio alisikia uongo. Mtu akisema asichokiamini, sauti yake hupanda kidogo, kidogo sana, na binti alikisikia hicho kidogo. Mwenzake akimwambia "umependeza", alijua. Mwalimu akisema "sijakasirika", alijua. Hakuwa na marafiki wengi, na huhitaji kusomea ili uelewe kwa nini.

Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Piano iliyokosea haipigwi. Ukikaa ukasikia uzi mmoja umelegea, unainuka, unaleta ufunguo wa kukazia, unarekebisha kwanza. Fundi alisema kupiga piano iliyokosea ni kama kumpa mgeni maji katika kikombe kichafu. Bi Masikio alikulia ndani ya sheria hiyo kama watoto wengine wanavyokulia ndani ya salamu.

Kisha mama akaugua, akaugua kwa muda mrefu, na alasiri moja akafariki katika chumba kilichopakana na sebule, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Baada ya mazishi, Bi Masikio hakuigusa tena piano. Hakurudi chuoni. Alitia pamba masikioni na akaanza kutembea nyumbani kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Ndugu na majirani walikuja na maneno yao. Amepumzika sasa. Ulifanya yote uliyoweza. Alikwenda akiwa na amani. Walisema kwa nia njema, sikatai, lakini hata mmoja hakuwa na uhakika na alichokisema, na binti alikaa pale kwenye mkeka akisikia kila sauti ikipanda. Baadaye alianza kuwakimbia wageni. Baadaye alianza kumkimbia hata baba yake.

Ndipo siku moja fundi akamkuta bafuni, damu ikimtiririka shingoni kutoka sikio la kushoto. Alikuwa amejichoma mwenyewe. Alipofika hospitali hakulia, na daktari alipomuuliza kwa nini, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alitaka kuyazima.

Daktari alimwita fundi pembeni. Sikio lingepona, alisema, safari hii. Binti akirudia hatasikia tena, na mtu aliyefika hapo haachwi peke yake, maana baada ya masikio hatujui atataka kuzima nini. Akawaelekeza kwa mshauri. Fundi alirudi nyumbani akaondoa kila kitu chenye ncha. Aliondoa visu, bisibisi na sindano za kushonea za marehemu mkewe, ambazo zilikuwa bado na uzi. Alipozishika zile sindano moyo ukamshinda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kama mtoto. Ilimuuma pia kwa namna nyingine ambayo aliionea aibu. Yeye alikuwa anaomba kila siku arudishiwe sauti moja tu, hata ya mlio wa birika, na mwanawe ambaye alikuwa nazo zote alizitaka zife.

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na chumba kidogo chenye zulia. Siku ya kwanza binti hakusema lolote isipokuwa jambo moja, kwamba saa ya ukutani inachechemea. Mshauri alipanda juu ya kiti, akaiondoa saa, akaitoa betri, akaiweka mezani ikiwa kifudifudi. Kisha akasema, "Mimi sitakwambia lolote nisilolijua." Binti alimtazama kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa haijapanda.

Fundi alikaa nje kwenye benchi, siku hiyo na siku nyingine zilizofuata, akitazama mlango uliofungwa. Hata angetaka kutega sikio asingeambulia kitu. Aliwaza kwamba labda binti anamchukia. Labda amegundua siri yake, kwamba miaka yote ile alimtumia kama fimbo ya kipofu. Aliwaza mengi, na kila alichokiwaza kilimhusu yeye mwenyewe. Ndivyo hofu ilivyo, haioni zaidi ya pua yake.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa. "Mzee, karibu ndani," alisema mshauri. "Binti anataka uwepo."

Bi Masikio alikuwa kando ya dirisha, pamba masikioni, mikono mapajani. Fundi alivuta kiti akakaa mbele yake, mahali ambapo aliweza kuiona midomo yake vizuri. Siku hizo alikuwa amekwisha kujifunza kusoma midomo ya watu.

"Baba," alisema binti, "siku ile ulipokwenda kuchukua dawa, Mama aliniita. Aliniambia, 'Bi Masikio, nipigie ule wa sufuria.'"

Fundi hakuwa na habari hiyo.

"Nikaenda nikakaa. Nilipojaribu vibao nikasikia kimoja cha juu kabisa kimelegea. Kidogo tu, Baba. Mtu mwingine asingejua. Mama asingejua! Mama, ambaye..." Akatikisa kichwa. "Nikamwambia, 'Ngoja kidogo, Mama, narekebisha hii moja tu.' Nikaleta ufunguo. Nikabana nyuzi za pembeni kwa kabari. Nikawa nagonga. Unajua inavyokuwa."

Alijua. Kila noti ya juu ina nyuzi tatu. Unabana mbili kwa kabari ya mpira ili zisilie, unaukaza wa tatu huku ukigonga kibao kile kile, unagonga, unagonga, mpaka uzi ukae mahali pake. Kwa mtu asiye fundi ni adhabu kusikiliza.

"Halafu ukatoka chumbani, nikauona uso wako." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Aliomba wimbo nikampa kugonga. Alikufa anasubiri. Kitu kimoja tu, ti, ti, ti, mpaka mwisho. Ni haya masikio. Mtu mwenye masikio ya kawaida angepiga tu."

Mshauri hakusema kitu. Alitimiza ahadi yake, hakuwa na alichokijua. Fundi ndiye aliyekuwamo chumbani mle na mkewe, naye peke yake ndiye angeweza kusema mama alikufaje. Binti alimkazia macho, na fundi akaelewa kwamba hilo ndilo aliloitiwa. Uhai wa mtoto wake ulikuwa unasubiri jibu.

Akafanya ambacho baba yeyote angefanya. "Mama yako hakuwa akisubiri," alisema. "Alikuwa akitabasamu. Aliniambia, mwambie Bi Masikio nimeusikia wimbo wake, na nime..."

Binti akafumba macho. "Baba, usifanye hivyo."

"Mwanangu, nakuapia..."

"Sauti yako imepanda."

Alilisema bila hasira, kwa uchovu tu, kisha akageuza uso kuelekea dirishani. Fundi aliona shingo yake nyembamba, na kovu dogo chini ya sikio, na akahisi kwamba amemwona akiondoka. Alitazama mikono yake mwenyewe, mikono iliyomlishia nyumba nzima, akajua kwamba kuna ukweli mmoja tu alionao, nao si wa kufariji mtu. Ungemmaliza yeye na hakuwa na hakika kama ungemsaidia binti hata chembe. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu, mimi sisikii."

Binti hakugeuka.

"Sisikii sauti za juu. Ni miaka sasa. Mgongo wangu ni mzima kama wa punda, na hilo nadhani ulilisikia zamani ukanyamaza. Nilikuwa nakupa wewe zile za juu kwa sababu kwangu hazipo. Siku ile niliingia kwa mlango wa jikoni nikadhani nyumba iko kimya. Hata ulivyokuwa ukigonga sikukusikia. Nilidhani umelala, mpaka nilipotoka."

Sasa aligeuka.

"Nilikaa naye, nikamshika mkono," aliendelea fundi, na sauti yake ikawa inakwaruza. "Akataka kusema kitu. Sauti yake ilikuwa imeisha, imebaki pumzi. Na mimi, mpumbavu mimi, nikafanya nilivyozoea maisha yangu yote. Nikainama nikamtegea sikio. Ningemtazama midomo ningejua. Nilikuwa nasoma midomo ya wateja, ya wauza duka, ya watu nisiowajua, na mke wangu nikampa sikio lililokufa. Alisema maneno matatu manne shavuni mwangu, nikahisi joto lake tu. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kwenda. Sijui alisema nini. Labda alisema unyamaze. Labda alisema uendelee. Labda aliomba maji. Sijui, mwanangu."

Binti aliinua mkono wake taratibu akatoa pamba, sikio moja, kisha la pili.

"Ulimtegea sikio gani?" aliuliza.

"La kulia."

"Na lililo bovu zaidi ni lipi?"

Fundi aliinua kidole. Akaligusa la kulia.

Aliona mabega ya binti yakitikisika, akadhani analia, akaona ni kicheko, na kabla hajajua afanye nini kile kicheko kikavunjika na kuwa kilio chenyewe, kilio kilichokuwa kimekaa tangu mazishini. Binti aliteleza kutoka kwenye kiti akamwangukia baba yake magotini. Mshauri alisogeza kiti chake nyuma kidogo akatazama zulia.

"Kwa hiyo hatujui," alisema binti alipoweza, akiinua uso ili baba amwone.

"Hatujui. Wala hatutajua."

Yalikuwa maneno ya kikatili, ukiyachukulia hivi hivi. Lakini tangu wamzike mama, hakuna aliyekuwa amemwambia juu ya mama sentensi nzima isiyopanda, na aliishika hiyo kwa mikono miwili.

Walirudi nyumbani wakanywa chai. Kisha Bi Masikio alikwenda sebuleni akaivua piano shuka lililoifunika, akainua kifuniko. Ndani, ufunguo ulikuwa bado umesimama juu ya kigingi cha ule uzi uliolegea, na kabari za mpira bado zimebana nyuzi, vumbi limezikalia. Fundi alinyoosha mkono aziondoe.

"Ziache kwanza," alisema binti. "Kaa pale, unipe mgongo. Ukisikia sauti, nyoosha mkono."

Fundi alikaa. Alisikia za chini, akanyoosha mkono. Akasikia za katikati, akanyoosha.

"Baba, unanitazama kwenye kioo cha kabati."

"Sikutazami."

"Imepanda."

Akafumba macho. Mkono ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kisha akakaa mikono magotini akisubiri aendelee. Alisubiri. Akadhani binti amepumzika, au anatafakari. Alipoona muda unapita, aligeuka kumuuliza kama wamemaliza.

Binti hakuwa amepumzika. Alikuwa amefika mwisho kabisa wa kulia na alikuwa akigonga kibao kimoja, anagonga, anagonga, anamtazama baba yake mgongoni, na machozi yanadondokea vibao. Fundi aliona kidole kikishuka na kupanda. Hapakuwa na sauti yoyote duniani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa alasiri ile, aliwaza, mwanangu alikuwa anahangaika namna hii upande wa pili wa ukuta nami nikadhani kumetulia.

"Inatosha," alisema. "Inatosha, mama yangu. Umeshajua."

Binti aliacha. Alipangusa vibao kwa kiganja, akainuka, akaenda kufungua mlango wa chumba cha mama. Ulikuwa haujafunguliwa tangu siku zile. Akauacha wazi kabisa, kitanda kikawa kinaonekana na godoro lake lililokunjwa, akarudi kukaa.

Fundi alimwelewa. Akachukua ufunguo ampe, kwa mazoea tu, kama mtu anavyompisha mwingine mlangoni. Binti aliutazama ule ufunguo kwa muda. Akauchukua mkononi mwa baba yake akauweka sakafuni, kisha akaanza kupiga.

Fundi aliweka viganja vyote viwili juu ya ubao wa piano. Mwiko ulimjia mikononi, ukifuatiwa na mfuniko unaocheza maji yakichemka. Sehemu ya juu haikumjia, lakini aliijua ilipo, kwa sababu kila wimbo ulipofika pale, pale mama anapokosea, bega la binti lilishtuka kama limechomwa. Uzi mmoja ulikuwa umelegea na nyingine zimebanwa. Kwa sikio lile lazima iliuma vibaya.

"Imekosea sana?" aliuliza fundi.

Bi Masikio alimgeuzia uso, ili amwone midomo vizuri.

"Sana, Baba," alisema, na mikono yake haikusimama.